Kusoma Uhusiano wa Umma Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wanaofikiria kusoma uhusiano wa umma, walio darasani sasa, na wanaojiandaa kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Mifano mingi ni ya Tanzania, na michache ya Kenya.

Uhusiano wa umma ni kazi gani hasa?

Ni kazi ya kusimamia namna taasisi inavyosikilizana na watu inaowategemea na wanaoitegemea: wateja, wafanyakazi, majirani wa kiwanda, wizara, waandishi wa habari. Wengi huingia darasani wakidhani wataenda kujifunza kuongea vizuri mbele ya kamera. Kuongea kupo, lakini ni sehemu ndogo na huja mwishoni.

Chukua mamlaka ya maji iliyokata maji mtaa mzima kwa siku tatu bila kutangaza. Siku ya nne hakuna taarifa, hata iandikwe kwa ufundi gani, itakayowatuliza watu. Kazi ya afisa uhusiano ilikuwa kuingia kwenye kikao cha wahandisi wiki moja kabla na kuuliza: ni mitaa ipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, zahanati na shule zilizomo zitapataje maji, na nani atapokea simu za malalamiko? Anayeitwa baada ya uamuzi kupita anabaki kutafuta maneno ya kufunika tendo, na maneno hayo hayafuniki.

Wengine huuliza: kama kizuri chajiuza, afisa uhusiano wa nini? Kizuri hujiuza pale watu wanapokijua na kukiamini. Chanjo ni nzuri, na bado kuna kijiji kitaikimbia kama aliyeileta hakukaa kwanza na wazee, viongozi wa dini na akina mama kusikia wanaogopa nini.

Ni sifa gani zinahitajika kujiunga?

Kwa Tanzania, astashahada huanzia ufaulu wa angalau D nne kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Shahada kwa anayetoka kidato cha sita huhitaji ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, na kwa mwenye stashahada GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Hivyo ni viwango vya chini. Chuo kinaweza kudai zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu (shahada), au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi (astashahada na stashahada), wa mwaka unaoomba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhusiano wa umma pamoja na matangazo, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Mwanza, pamoja na masoko. Kabla ya kuchagua, angalia orodha ya masomo ya kila muhula. Kozi isiyo na masomo ya uandishi na ya utafiti ikuache na maswali.

Kuna tofauti gani na masoko, matangazo na uandishi wa habari?

Masoko yanamlenga mnunuzi na kipimo chake ni mauzo. Tangazo ni nafasi uliyolipia: unasema utakalo, na msomaji anajua umelipia. Habari hulipii, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa sababu imepita kwa mhariri ambaye si mtu wako. Mwandishi wa habari anawajibika kwa msomaji, nawe unawajibika kwa taasisi na kwa umma kwa wakati mmoja. Ukisahau huo upande wa pili, umekuwa mpiga debe.

Kwa nini tunasoma nadharia na historia wakati kazi ni ya vitendo?

Kwa sababu zinaonyesha makosa ambayo yameshafanywa. Mwaka 1906, treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuficha. Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mshauri wa kampuni hiyo, aliwashawishi wakubwa watoe maelezo yao wenyewe na kuwapeleka waandishi eneo la ajali. Maandishi yale hutajwa kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari kwa sura tunayoijua leo. Somo la kwanza darasani liko hapo: nafasi unayoiacha wazi itajazwa na mwingine.

Nadharia itakayokusaidia zaidi kazini ni ile ya mifano minne ya uhusiano wa umma, ya wasomi James Grunig na Todd Hunt, ya mwaka 1984. Wa kwanza ni kutafuta kutajwa tu. Wa pili ni kutoa taarifa sahihi bila kusikiliza. Wa tatu ni kusikiliza ili ujue namna ya kuwashawishi watu. Wa nne ni mazungumzo ya pande mbili ambamo taasisi nayo iko tayari kubadilika. Kwenye mtihani wanafunzi huutaja wa nne kama ndio pekee wenye thamani. Hali halisi inachanganya: tangazo la kukatika umeme kesho halihitaji mjadala, linahitaji usahihi. Kuhamisha wachuuzi barabarani kunahitaji mjadala wa kweli, na ukitumia mfano wa pili pale, utalipia.

Taarifa kwa vyombo vya habari inaandikwaje?

Hili ndilo somo la kurudia mpaka mkono uzoee. Ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 400. Juu weka nembo, tarehe na maneno TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI. Kichwa kisizidi maneno kumi na mbili na kiwe na kitenzi. Aya ya kwanza, maneno 25 hadi 40, ijibu nani, nini, lini, wapi na kwa nini.

Linganisha. Wanafunzi wengi huanza hivi: "Mamlaka yetu, katika kutekeleza dira na dhamira yake ya kutoa huduma bora na endelevu, inapenda kuutangazia umma..." Maneno kumi na saba yamekwisha na hakuna aliyepata habari. Anza hivi: "Wakazi wa kata tatu watakosa maji kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni Jumamosi, Machi 14, kupisha ubadilishaji wa bomba kuu." Msomaji amejua ajaze ndoo lini. Mhariri naye akikata aya zote za chini kwa kukosa nafasi, habari bado imebaki.

Aya ya pili ieleze sababu na ukubwa wa jambo kwa takwimu zilizothibitishwa na idara husika. Ya tatu iwe nukuu ya msemaji mwenye jina na cheo kamili. Nukuu isirudie taarifa. Iseme kile ambacho mtu pekee anaweza kusema: ahadi, pole, maelezo ya uamuzi. Kisha nini kifanyike, na mwisho jina, namba ya simu na barua pepe ya mtu atakayepokea kweli. Maelezo ya taasisi, lini ilianzishwa na inafanya nini, hayazidi mistari mitatu na yanakaa chini kabisa.

Kabla ya kutuma, taarifa ipite kwa watu watatu: mtaalamu wa jambo lenyewe athibitishe ukweli, mwanasheria kama kuna fedha, ajira au kesi, na mkuu wa taasisi aidhinishe. Wewe baki na kazi ya kuzuia lugha ya ofisini isirudi kupitia marekebisho yao. Itarudi. Mtetee msomaji kwa upole, na uwe na sababu.

Nimetuma taarifa na haikutoka popote. Tatizo nini?

Mara nyingi ni moja kati ya haya. Haina habari: mkurugenzi kukutana na wafanyakazi wake ni jambo jema, lakini si habari kwa msomaji wa Songea. Imechelewa: tukio la asubuhi lililotumwa saa 12 jioni limekuta kurasa nyingi zimeshapangwa. Imetumwa kwa barua pepe ya jumla ya gazeti badala ya mwandishi anayeandika afya au uchumi. Au faili ni picha iliyoskaniwa yenye mhuri, ambayo mwandishi hawezi kunakili neno hata moja. Ukilazimika kutuma yenye mhuri, ambatisha na ya maandishi ya kawaida.

Picha nazo huangusha taarifa nyingi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora wa kuchapwa gazetini. Itume kama hati au kwa barua pepe, ikiwa na maelezo: nani yuko kulia, kushoto, katikati, cheo cha kila mmoja, wanafanya nini, wapi na lini. Kukosea jina au cheo cha mtu kwenye maelezo ya picha ni kosa dogo kwa macho na kubwa kwa aliyekosewa. Piga simu uhakikishe tahajia.

Mkutano na waandishi wa habari unaandaliwaje?

Jiulize kwanza kama unahitajika. Kama hakuna maswali ambayo waandishi wangependa kuuliza ana kwa ana, taarifa ya maandishi inatosha.

Ukihitajika, uwe saa 4 au saa 5 asubuhi, ili vituo vya televisheni vipate muda wa kuhariri kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Tanzania wengi hulenga saa 2 usiku. Kenya habari za Kiswahili huwa saa 1 jioni. Mwaliko utoke siku mbili au tatu kabla, na ukumbusho asubuhi ya siku yenyewe. Msemaji asome kwa dakika saba hadi kumi, maswali yachukue dakika ishirini. Meza ihimili vinasa sauti, nyuma kuwe na bango lisilong'aa, na kiyoyozi kinachovuma kizimwe wakati wa kurekodi. Dirisha lisiwe nyuma ya msemaji, la sivyo kamera itampata kivuli. Usiku wa jana yake, andika maswali kumi magumu zaidi unayoweza kuyafikiria na umfanyishe msemaji mazoezi kwa sauti. Akishindwa kulijibu swali mbele yako, mbele ya kamera sita atashindwa zaidi.

Na suala la bahasha za fedha kwa waandishi?

Linaulizwa kila mwaka, na linastahili jibu la wazi. Kulipia habari itoke ni rushwa, iitwe mshiko au chochote kingine. Inaharibu pande zote mbili: mwandishi anapoteza uhuru wake, na taasisi inapata habari ambayo siku ya shida haitakuwa na mtetezi, kwani uhusiano wenyewe ulikuwa wa fedha. Gharama halisi za safari ni jambo tofauti. Kama eneo la mradi liko kilomita 80 kutoka mjini, toa usafiri wa pamoja, tangaza hivyo kwenye mwaliko, na uombe ofisi za habari ndizo zichague nani aje. Kinachoweza kuandikwa hadharani kwenye bajeti na kusomwa na mkaguzi ndicho cha kubaki nacho.

Mwandishi akinipigia simu ghafla nifanye nini?

Muulize jina, chombo, anachotafuta, na mwisho wake wa kupeleka habari ni saa ngapi. Mwambie utampigia kabla ya muda huo, kisha umpigie kweli, hata kama jibu halijapatikana. "Hatuna la kusema" husomeka kama kukiri. Sema badala yake: "Sina taarifa iliyothibitishwa sasa, nitakupa ninachoweza ifikapo saa 9 alasiri." Usimwambie jambo ukitegemea hataliandika, na usikisie takwimu kamwe.

Mpango wa mawasiliano unatofautianaje na orodha ya shughuli?

Kipeperushi, bonanza, kipindi cha redio, fulana: hiyo ni orodha ya manunuzi. Mpango huanza na utafiti. Tuseme zahanati ina upungufu wa wajawazito wanaohudhuria kliniki mapema. Kabla ya kuchapa bango, ongea na wanawake kumi na tano hadi ishirini, wakunga, wenye bodaboda wanaowaleta. Huenda ukakuta taarifa wanazo tele, na kinachowazuia ni foleni inayochukua saa nne au lugha kali ya mhudumu. Hapo bango halitasaidia. Peleka matokeo kwa mganga mfawidhi kwanza.

Ndipo uandike lengo lenye namba na tarehe, kwa mfano: kuongeza wanaoanza kliniki kabla ya wiki 12 kutoka 40 hadi 60 kwa mwezi ifikapo Juni 30. Kisha hadhira (si "jamii nzima", labda wanawake wa miaka 18 hadi 30 na waume zao katika vijiji vinne), ujumbe usiozidi mitatu, njia, ratiba, anayewajibika, bajeti yenye asilimia 10 ya dharura, na namna ya kupima.

Kwenye kupima, jizuie kuhesabu karatasi. Vipeperushi 5,000 vilivyogawiwa ni kazi iliyofanyika, bado si matokeo. Pima kama watu wameelewa, kisha kama wamebadilika. Ile desturi ya kupima habari kwa bei ya tangazo la ukubwa uleule ilikataliwa na Kanuni za Barcelona, miongozo ya kimataifa ya kupima mawasiliano, mwaka 2010, ingawa bado utaikuta kwenye ripoti. Kampeni ya redio ya Fataki, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 2000, ni mfano wa kuchambua darasani. Ilimwonyesha mtu mzima anayewarubuni wasichana, na jina lake likaingia mitaani. Watu wakawa na neno la kumkemea mtu wa aina hiyo hadharani. Neno kutumika kwa maana ile ni dalili kwamba ujumbe ulifika. Kama tabia ilibadilika ni swali jingine, na linahitaji utafiti wake.

Taasisi ikipatwa na janga, nianze wapi?

Anza mwaka mmoja kabla. Orodhesha majanga matano yanayoweza kutokea kwenu, andika nani anaamua, nani anasema, na namba zao za simu za usiku. Mpango uwe wa kurasa chache, na uchapwe kwenye karatasi, maana umeme na mtandao hukatika siku hiyohiyo.

Janga likitokea, taarifa ya awali itoke ndani ya saa moja ikiwezekana. Mistari sita inatosha: tunachojua kwa uhakika, tunachofanya sasa, watu wafanye nini kwa usalama wao, na taarifa inayofuata itatoka saa ngapi. Kama kuna waliofariki au kuumia, pole itangulie yote. Majina ya marehemu hayatajwi kabla ya familia kuarifiwa. Chanzo hakitajwi kabla ya uchunguzi, hata kama kila mtu ofisini "anajua". Waambie wafanyakazi kabla ya umma au kwa wakati mmoja. Mlinzi wa getini ndiye atakayeulizwa wa kwanza.

Kinachoharibu zaidi ni wasemaji wengi. Mmoja akisema majeruhi wanne, mwingine saba, hata namba sahihi itakayofuata haitaaminika.

Mfano unaofundishwa duniani kote ni wa Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, Marekani, 1982. Watu saba eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vilivyotiwa sumu ya sianidi madukani. Kampuni yake, Johnson & Johnson, iliondoa sokoni chupa takriban milioni 31, ikawaonya watu wasitumie dawa hiyo, kisha ikarudi na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa. Wanafunzi husifia mawasiliano yao. Kilichofanya yaaminike ni zile chupa zilizoondolewa kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100.

Kusimamia kurasa za mitandao ya kijamii kuna ugumu gani?

Ugumu ni kujibu, kuweka picha ni rahisi. Panga muda wa kujibu, mathalani saa mbili wakati wa kazi, na uusimamie. Lalamiko lijibiwe hadharani kwa kifupi, kisha mambo binafsi kama namba ya akaunti yahamie faraghani. Futa matusi na taarifa za watu binafsi. Lalamiko la kweli liache hata likiuma, kwa sababu picha ya skrini imeshapigwa. Nywila zisimilikiwe na mtu mmoja, na programu za ukurasa wa ofisi zisikae kwenye simu yenye akaunti yako binafsi. Ujumbe wa mzaha kuhusu mpira ukitoka kwa jina la hospitali siku ya msiba, kuufuta hakusaidii.

Akili bandia inaweza kufupisha ripoti au kupendekeza vichwa. Usiiachie takwimu, nukuu wala majina, na usiilishe nyaraka za siri.

Ni sheria zipi nizijue?

Kwa Tanzania: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Takwimu ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016 na ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inayovunjwa bila kujua ni ya taarifa binafsi: kupiga picha ya mgonjwa au mtoto na kuitumia kwenye kalenda bila ridhaa ya maandishi. Andaa fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja na uitembeze na kamera.

Nikipangiwa fildi na kuishia kutoa fotokopi na kubeba maua, nifanyeje?

Hutokea, hasa ofisi ambazo zenyewe hazijui kazi ya kitengo hicho. Wiki ya kwanza mpelekee msimamizi karatasi yenye mambo matatu unayoomba kufanya: kuandika taarifa mbili, kukusanya kila siku habari zinazoitaja taasisi, na kukaa kwenye kikao kimoja cha maandalizi ya tukio. Hilo la kukusanya habari anza bila kuagizwa. Jedwali lenye tarehe, chombo, mada, msimamo wa habari (nzuri, mbaya, ya kawaida) na hatua inayopendekezwa, likifika mezani kila asubuhi saa 2, ndani ya wiki mbili utaanza kuulizwa maoni. Itifaki nayo ijifunze: nani anakaa wapi, nani anamkaribisha nani. Kuna shughuli zilizoharibika kwa kiti kimoja.

Jaza kitabu cha fildi kila siku. Kikijazwa wiki ya mwisho, mhadhiri anaona.

Nikimaliza, niombe kazi wapi na niende na nini?

Serikalini nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira kwenye Ajira Portal, mara nyingi kwa jina la Afisa Habari au Afisa Uhusiano Daraja la II. Kwingine ni benki, kampuni za simu, hospitali, vyuo, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni za ushauri. Kampuni ndogo za ushauri hazipaswi kudharauliwa: mwaka mmoja pale unakutanisha na wateja wa kila aina.

Nenda na mkoba wa kazi sita hadi nane: taarifa mbili za Kiswahili na moja ya Kiingereza, mpango mmoja wa mawasiliano wenye bajeti, hotuba ya dakika tano, picha tatu zenye maelezo kamili, na uchambuzi wa tukio moja la janga. Kazi ya darasani iandike wazi kuwa ni ya darasani. Kwenye usaili wa kuandika, jiandae kupewa tukio na kutakiwa uandike taarifa ndani ya muda mfupi, kwa hiyo fanya mazoezi kwa saa ya mkononi: dakika tano kupanga, ishirini na tano kuandika, kumi kusoma upya kwa sauti ya chini ukihakiki majina, tarehe na namba.